Nyumba ya mume, sertifika ya mwingine: namna tribinali inavyoamua nani mwenye parsele

Asubuhi moja mjumbe wa tribinali, yule watu wanamwita huissier, anapiga hodi. Anasoma karatasi kwa Kifaransa mlangoni, anamwomba mama wa nyumba atie sahihi, anamwachia kopi, anaenda zake. Mama anaiweka ndani ya Biblia na kungoja mtoto wake mkubwa arudi kutoka masomoni. Jioni mtoto anasoma: mfanyabiashara fulani anadai kuwa parsele ni yake, ana sertifika ya Leta, na anaomba mama na watoto watoke.

Nyumba hiyo aliijenga mume. Udongo aliununua miaka mingi iliyopita, na karatasi ya kuuziana ikatiwa sahihi mbele ya shefu wa avenyu na mashahidi wanne. Mume alipokufa, ndugu zake walikuja wakasema: "Mulamu, hii ni mali ya famii." Mwaka haukuisha, wakaiuza. Mnunuzi hakukaa kitako. Alikimbilia ofisi ya udongo na kutengenezesha sertifika kwa jina lake.

Kisa hiki hakina jina la mtu kwa sababu kinajirudia. Ukienda Bunia, Butembo, Uvira, Kindu au Kalemie, utakikuta kikibadilisha sura tu: leo ni mjane, kesho ni yatima, keshokutwa ni mtu aliyekimbia vita na kurudi akakuta mwingine amepika katika jiko lake. Watu wengi wanafikiri jaji ataangalia nani alijenga, nani analia, nani anajulikana kwenye kartie. Jaji anaangalia vitu viwili kwanza: karatasi na tarehe. Anayelijua jambo hilo mapema anaweza kuiokoa nyumba. Anayelijua kwa kuchelewa, mara nyingi anabaki kudai pesa.

Udongo ni wa Leta

Msingi wa yote ni sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, iliyorekebishwa mwaka wa 1980. Kifungu chake cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuziki wala haupotei kwa sababu mtu ameukalia miaka mingi. Mwananchi hapewi udongo wenyewe. Anapewa haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho. Mgeni au kampuni wanapewa kwa muda tu, miaka 25 ambayo inaweza kuongezwa.

Kwa desturi ya ofisi, mtu anaanza na mkataba wa kukodi wa miaka mitatu. Katika muda huo anapaswa kuitengeneza parsele: ajenge au alime. Akiisha kufanya hivyo, anaomba mkataba wa kudumu, na konsevateri wa hati za udongo anaandika jina lake katika kitabu na kumpa sertifika, ile inayoitwa kwa Kifaransa certificat d'enregistrement. Kifungu cha 219 ni kikali: haki ya kutumia udongo uliotolewa na Leta inathibitishwa na sertifika hiyo tu.

Basi ile karatasi ya shefu wa avenyu ni nini? Ni ushahidi kwamba watu wawili walipatana na pesa ikatoka mkononi. Ina nguvu kati ya muuzaji na mnunuzi, na inamsaidia mnunuzi kwenda kuomba sertifika. Lakini haimfanyi mtu kuwa mwenye parsele mbele ya Leta. Karatasi ya kulipa kodi ya nyumba, fishi ya parsele ya komini, barua ya shefu wa kartie: zote ni njia ya kufikia sertifika, hazichukui nafasi yake.

Hii ndiyo sababu benki pia haiangalii karatasi ya avenyu. Mtu akitaka mkopo na kuweka nyumba kuwa dhamana, haki ya benki inaandikwa juu ya sertifika na katika kitabu cha konsevateri. Nyumba isiyo na sertifika haiwezi kubeba hipoteki. Na kwa upande mwingine, mtu anayenunua nyumba bila kumuuliza konsevateri kama kuna deni lililoandikwa juu yake, anaweza kununua nyumba pamoja na deni la mwenzake.

Siku nane za kwanza

Mama wetu ana karatasi ya mwito ndani ya Biblia. Saa yake imeanza kuhesabu. Sheria ya mwenendo wa kesi za kiraia, ya tarehe 7 mwezi wa tatu 1960, inasema kati ya siku ya kupokea mwito na siku ya kufika mbele ya jaji lazima zipite siku nane kamili, na kuongeza siku moja kwa kila kilometa mia za umbali. Siku nane si nyingi. Zinatosha kumtafuta avoka, kutafuta karatasi za marehemu na kuwaomba mashahidi wa zamani wasisafiri.

Asiye na pesa ya avoka hana budi kujua kwamba kila baro ya mawakili ina ofisi ya ushauri wa bure. Anapeleka karatasi ya Leta inayoonyesha kuwa hana uwezo, na baro inamchagulia avoka. Mbele ya Tripaix na tribinali kubwa kuna pia watetezi wa mahakama, ambao nao wana ruhusa ya kusimama kwa ajili ya mtu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutokwenda. Wengine wanakataa kutia sahihi wakidhani kwamba hapo kesi imekufa. Haifi. Huissier anaandika kwamba mtu amekataa, na mwito unahesabiwa kuwa umepokelewa. Siku ikifika na mama hayupo, mwenzake anaomba kesi isikilizwe bila yeye. Jaji bado analazimika kuchunguza kama madai ni ya kweli, lakini anachunguza karatasi za upande mmoja tu.

Mlango gani wa kupiga

Kabla ya kusema nani ana haki, jaji anajiuliza kama kesi ni yake. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa nne 2013 juu ya mpangilio wa mahakama imegawa kazi. Tribinali ya amani, Tripaix, inasikiliza mambo ya famii, urithi, zawadi na wosia, na mabishano ya udongo unaoongozwa na desturi. Inasikiliza pia madai mengine ambayo thamani yake haipiti franka 2,500,000. Tribinali kubwa, ile ya Grande Instance, inachukua yaliyobaki, na hapo ndipo panapigwa kesi ya kufuta sertifika.

Kwa hiyo shida ya mama mmoja inaweza kuwa na milango miwili. Swali "nani mrithi wa marehemu?" ni la Tripaix. Swali "sertifika ya mfanyabiashara ifutwe au ibaki?" ni la tribinali kubwa. Mtu akipiga mlango usio wake, upande wa pili utasema jaji hana uwezo juu ya kesi hiyo. Miezi inapita, pesa za grefe zimelipwa, na neno moja juu ya nyumba halijasemwa.

Kijijini mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya 1973 iliweka udongo wa jamii za vijijini chini ya Leta, ikasema haki za watu juu yake zitapangwa na ordonansi ya Rais wa nchi. Hiyo ni kifungu cha 389. Ordonansi hiyo haikutoka. Ndiyo maana mushamba uliopewa na mwami au na shefu wa lokalite unabaki katika hali ya kati: si udongo wa bure, lakini hauna sertifika. Katika kesi ya namna hiyo jaji wa Tripaix anakaa pamoja na wazee wanaojua desturi ya mahali, nao wana sauti katika uamuzi. Na mtu wa mji anayetaka sertifika juu ya udongo wa kijiji lazima kwanza ufanyike uchunguzi mahali penyewe: nani analima pale, nani anapinga. Uchunguzi huo usipofanyika, au ukifanyika mezani, wanakijiji wanapata sababu nzuri ya kwenda mahakamani.

Mlango mmoja unapigwa sana ingawa si wake: polisi na parke. Mtu akigombana na jirani juu ya mpaka, anakimbilia kumpeleka ndani. Polisi na mwendesha mashtaka wanaweza kufuatilia kosa: karatasi ya uongo, sahihi ya kuiga, mtu aliyeuza nyumba isiyo yake, mtu aliyeingia kwa nguvu. Hawana uwezo wa kusema parsele ni ya nani. Tena, kesi ya kosa inaweza kuichelewesha ile ya nyumba, kwa sababu jaji wa kiraia anangoja kwanza jaji wa makosa aseme kama karatasi ni ya uongo. Njia hiyo inafaa pale ambapo kweli kuna karatasi ya uongo. Kuitumia ili kumtisha mtu ni kujifungia barabara.

Nani alikuwa na haki ya kuuza?

Hapa ndipo kesi ya mama inapata mguu. Ndugu za mume walisema nyumba ni ya famii. Sheria ya familia, ile ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 iliyorekebishwa mwaka wa 2016, haisemi hivyo.

Warithi wamepangwa kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini baba aliwakubali akiwa hai, na waliochukuliwa kisheria. Msichana na mvulana wako sawa. Kundi la pili lina matawi matatu: mjane au mjane wa kiume, baba na mama wa marehemu, kisha kaka na dada zake. Wajomba na mashangazi wako katika kundi la tatu, na hawapati kitu kama makundi ya mbele yapo.

Watoto wanachukua robo tatu za urithi. Robo moja iliyobaki inagawanywa kwa matawi matatu ya kundi la pili, kila tawi sehemu moja ya kumi na mbili. Lakini kabla ya kugawa urithi, jaji anauliza jambo ambalo watu wanalisahau: mume na mke walioana chini ya mpango gani wa mali? Kama hawakuchagua kitu mbele ya ofisa wa Leta, sheria inahesabu kuwa vyote walivyopata ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Nusu ya mke si urithi. Ni mali yake tangu mwanzo.

Hesabu yenyewe inafungua macho. Nyumba ikiwa na thamani ya dola 40,000 na ilipatikana ndani ya ndoa, dola 20,000 ni za mke. Zinabaki 20,000 za kurithiwa. Watoto wanachukua 15,000. Zinabaki 5,000 kwa matawi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kaka na dada wote wa marehemu, wakijumlishwa pamoja, wanafikia dola 1,667 hivi. Ndio hao waliouza nyumba nzima.

Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vyake. Haki hiyo si sadaka ya wakwe.

Lakini kuna sharti moja linalowaumiza wanawake wengi. Sheria inamjua mke wa ndoa, iwe ya komini au ya desturi iliyoandikishwa kwa ofisa wa Leta. Mwanamke aliyeishi na mwanaume miaka ishirini, mahari ikatolewa, lakini karatasi haikuandikwa, atapata taabu kubwa ya kuonyesha kuwa yeye ni mjane mbele ya jaji. Watoto wake, kama baba aliwaandikisha, wanarithi. Ndiyo maana kesi nyingi za nyumba zinashinda au kuanguka kwa karatasi ndogo ya kuzaliwa ambayo wazazi hawakuona haraka ya kwenda kuichukua.

Je, kama marehemu aliacha wosia? Sheria inakubali aina tatu. Wa kwanza unafanywa mbele ya notere au ofisa wa Leta. Wa pili mtu anauandika mwenyewe kwa mkono wake wote, anautia tarehe na sahihi. Ukipigwa kwa mashine na yeye akatia sahihi tu chini, hauna nguvu ya wosia wa mkono. Wa tatu ni wa mdomo, kwa mtu anayeona kifo kiko karibu, mbele ya mashahidi wawili wazima wenye umri. Maneno ya kilioni, "marehemu aliniambia siku moja", hayaingii katika aina yoyote kati ya hizo. Na hata wosia mzuri hauwezi kuwanyang'anya watoto robo zao tatu bila sababu ambazo sheria inazitaja.

Miaka miwili ya sertifika

Mnunuzi naye ana neno la kusema. "Mimi nilinunua kwa pesa zangu, Leta ikanipa sertifika." Na kifungu cha 227 cha sheria ya udongo kiko upande wake: sertifika inaaminiwa kikamilifu, na ikipita miaka miwili tangu kutolewa, haigusiki tena. Aliyeumizwa anaweza kudai fidia ya pesa kwa waliomuumiza. Nyumba haimrudii.

Miaka miwili hiyo ndiyo moyo wa kesi. Mjane akienda mahakamani mwezi wa kumi na nane, anaomba sertifika ifutwe. Akienda mwezi wa thelathini, kwa kawaida anaomba pesa kwa mashemeji ambao labda walishazila. Mara nyingi mtu hajui hata kama sertifika ipo, kwa sababu mnunuzi mjanja anaiweka kimya sandukuni mpaka miaka miwili itimie, ndipo anamtuma huissier.

Akiwa ndani ya muda, mama ana silaha mbili. Ya kwanza ni ya zamani sana: sheria ya mikataba ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, kifungu cha 276, inasema kuuza kitu cha mtu mwingine ni batili. Mashemeji hawakuwa wenye nyumba, wala warithi peke yao, wala watoto hawakutia sahihi. Ya pili iko ndani ya sheria ya udongo yenyewe: mkataba uliofanywa kwa kuivunja sheria hiyo ni batili, na sertifika iliyotolewa juu ya mkataba batili inaanguka nao. Hata baada ya miaka miwili mawakili wanajaribu kupita kwenye mlango huu wa pili, wakisema hila haiwezi kuzaa haki. Hapo jaji ndiye anayepima, na hakuna avoka mwaminifu atakayeahidi ushindi.

Kazi ya kuthibitisha ni ya yule anayedai. Mama ataleta karatasi ya kuuziana, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, cheti cha kifo, na majirani waliomwona mume wake akiweka msingi. Jaji anaweza kuamuru kwenda mahali penyewe pamoja na mpima udongo, kutafuta mawe ya mipaka na kulinganisha na kroki iliyo katika dosie. Inatokea mara nyingi kwamba namba iliyo kwenye sertifika inaonyesha parsele nyingine kabisa, au vipimo vinaingia kwa jirani. Inatokea pia kwamba ofisi ilitoa sertifika mbili juu ya udongo mmoja. Hapo jaji anachambua kila mnyororo wa karatasi tangu mwanzo: nani alipewa kwanza, nani aliitengeneza parsele, nani alifuata hatua zote.

Hukumu si mwisho

Tuseme mama ameshinda. Mashemeji na mnunuzi bado wana nafasi. Aliyehukumiwa bila kuwepo ana siku 15 za kupinga mbele ya jaji yuleyule, tangu hukumu ilipowekwa mkononi mwake. Aliyekuwepo ana siku 30 za kukata rufaa, na hizo pia zinahesabiwa tangu huissier alipoleta hukumu, si tangu siku jaji alipoisoma. Kutoka Tripaix rufaa inaenda tribinali kubwa; kutoka tribinali kubwa inaenda mahakama ya rufaa. Baada ya hapo kunabaki Mahakama ya Kasasio huko Kinshasa, ndani ya miezi mitatu. Ile haisikilizi tena mashahidi. Inaangalia tu kama majaji waliifuata sheria.

Kwa kawaida rufaa inasimamisha utekelezaji. Lakini jaji anaweza kuamuru hukumu itekelezwe palepale, hasa pale ambapo kuna hati ya Leta au mdaiwa alikiri. Ndiyo maana mtu anaweza kutolewa nyumbani huku rufaa yake bado inangoja. Avoka wake anapaswa kukimbia kwa jaji wa rufaa kuomba utekelezaji uzuiwe kwanza.

Kuna dawa nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mara nyingine mnunuzi anawashtaki mashemeji peke yao, wanakubali haraka, na hukumu inatoka bila jina la mjane. Siku ya kufukuzwa ndipo anaisikia. Sheria inampa mtu wa namna hiyo, ambaye haki yake imeguswa na kesi asiyoitwa, njia ya kuipinga hukumu kama mtu wa tatu. Sharti ni kuonyesha kwamba hakuwa ndani ya kesi na kwamba hukumu inamuumiza.

Halafu kuna gharama. Kila karatasi ya grefe inalipiwa. Aliyeshinda fidia analipa pia asilimia kwa Leta kabla ya kupata nakala ya hukumu yenye amri ya kutekeleza. Huissier analipwa, na anaweza kuomba polisi wamsindikize. Wapo watu walioshinda kesi na hukumu ikabaki kwenye rafu kwa kukosa pesa ya mwisho. Kwa sababu hiyo mawakili wengi wanashauri kupatana pale inapowezekana: mnunuzi arudishiwe pesa zake na waliomuuzia, au awalipe warithi sehemu zao na abaki na nyumba. Mapatano yakiandikwa na jaji akayathibitisha, yana nguvu ya hukumu.

Vita vinapofunga milango

Hayo yote yanasimama juu ya jambo moja: kwamba tribinali iko wazi. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, kazi ya mahakama za Leta katika miji hiyo ilisimama. Kesi zilizokuwa njiani zilikwama, na watu wengi walikimbia wakiacha nyumba nyuma yao. Wengine waliziuza kwa bei ya haraka, wengine wamesikia kwamba zimekaliwa.

Kwa mtu wa namna hiyo, kinachoweza kufanywa leo ni kuhifadhi ushahidi wa kesi ya kesho. Sertifika ipigwe picha pande zote mbili, na picha itumwe kwa ndugu aliye mahali salama. Majina ya majirani na mashahidi yaandikwe. Tarehe ya kukimbia iandikwe pia, kwa sababu siku moja jaji atauliza kwa nini muda ulipita, na nguvu isiyozuilika ni jibu ambalo sheria inalisikiliza, likiwa na ushahidi. Sertifika ikipotea, kitabu cha konsevateri kina nakala yake, na mwenye nayo anaweza kuomba nyingine kwa kueleza namna ilivyopotea.

Na kwa yule ambaye bado hajapigiwa hodi, kuna safari moja ya kufanya wiki hii: kwenda ofisi ya udongo ya mahali pake na namba ya parsele mkononi, na kuuliza imeandikwa kwa jina la nani. Likiwa jina la marehemu, warithi waanze kazi ya kulibadilisha. Likiwa hakuna jina, waanze kuomba. Likiwa ni jina la mtu wasiyemjua, waangalie tarehe ya sertifika, kisha wahesabu miezi iliyobaki kufikia miaka miwili.